Sanduku la Lozi, Sanduku la Tende

Jeddah, 3 Septemba 2024

Kwako Shangazi Celestine,

Chamgei. Habari za Riyadh, na wodi yako ya watoto njiti inaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenihama. Sababu nitakueleza, usinicheke.

Rayan, kijana wa madam, amekwenda kusoma ng'ambo hadi mwezi wa tano. Ameacha nyoka wawili wa kufugwa. Bado wachanga, wembamba kama kamba za viatu. Mmoja ana rangi ya lozi, mwingine mwekundu wa tende, na hayo ndiyo majina yao. Hawana sumu, lakini madam hataki hata kuingia chumba kile. Amenikabidhi mimi. Amesema Rayan akiwaona kwenye video wakiwa wazima mpaka Disemba, atanisainia karatasi ya kutoka nchini na kurudi, niende nyumbani wiki tatu. Wakifa, halas, imekwisha.

Unajua Emily wangu anaanza darasa la kwanza Januari. Miaka mitatu hajaniona. Juzi kwenye simu aliniuliza kama mimi ndiye Priscah yule wa kwenye picha.

Sasa Shangazi, nyoka nimemwona akiuawa, sijawahi kumwona akilelewa. Rayan aliacha karatasi: upande wa joto, upande wa baridi, maji safi, pango la kujificha, chakula kila siku ya sita. Chakula chenyewe ni vipanya visivyo na manyoya, viko kwenye friza karibu na sambusa. Masanduku ni mawili, lakini mkeka wa umeme wa kuwapasha joto ni mmoja, wa pili uliungua. Jana niliwawekea maziwa kwenye kisahani, kama Kogo, mama yako, alivyomwekea yule nyoka aliyemwita mgeni wake kule nyumbani Mosoriot. Hawakuyagusa. Yameganda, chumba kinanuka. Wewe umezoea viumbe vidogo. Nifanye nini?

Mtoto wako,
Priscah

Riyadh, 5 Septemba 2024

Priscah mwanangu,

Salamu katika jina la Bwana. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Nimesoma barua yako mara tatu, na ya tatu niliisoma nimeketi.

Kwanza, maziwa ondoa. Mambo ya Kogo tuyaache yalale. Pili, mimi na nyoka unatujua, kwa hiyo nitakushauri kwa kile ninachokifahamu. Wahesabu hao kuwa njiti. Pima joto asubuhi na jioni, andika. Wakishakula usiwashikeshike siku mbili. Chakula kiyeyushe kwa maji ya vuguvugu, usikipeleke jikoni kwenye mikrowevu. Na kwa kuwa mkeka ni mmoja, waweke pamoja. Sisi pacha njiti tunawalaza kitanda kimoja wapeane joto, na wanapona.

Nakuombea. Hao wengine sijui kama inafaa kuwaombea, lakini nimewataja.

Shangazi yako,
Celestine

Jeddah, 20 Septemba 2024

Shangazi mpendwa,

Natumaini magoti yamepoa. Huku afya iko, akili ndiyo sina uhakika nayo.

Nimewaweka pamoja kama ulivyosema. Lozi anakula. Tende hajala wiki mbili. Lozi anajilaza juu yake, anachukua sehemu yote ya joto, Tende anabanwa kwenye kona. Tangu jana macho ya Tende yamekuwa meupe ya samawati, kama ya mzee mwenye mtoto wa jicho. Nimempofusha? Nikimuuliza Rayan atajua kuna shida, na madam atajua. Karatasi inasema hivi, wewe wasema vile, nyoka nao hawasemi.

Mtoto wako,
Priscah

Riyadh, 22 Septemba 2024

Mwanangu,

Hali yangu ni njema. Nisamehe kabla sijaendelea.

Nimekwenda duka la wanyama, kwa muuzaji mmoja Msudani. Nilipomwambia nimewalaza nyoka kitanda kimoja wapeane joto, alicheka mpaka akatafuta kiti. Anasema nyoka hawakumbatiani kwa upendo. Mwenye nguvu anamnyang'anya mwenzake mahali, na mnyonge anaacha kula kwa hofu. Watenganishe leo, kila mmoja na sanduku lake, maji yake na pango lake. Na Tende hajapofuka. Anataka kujivua ngozi, macho hutanda wingu siku hizo, na chakula hukikataa. Mwekee kitambaa chenye unyevu ndani ya pango umwache.

Nilikushauri mambo ya binadamu. Ndiyo niliyosomea.

Shangazi yako,
Celestine

Riyadh, 9 Oktoba 2024

Priscah,

Hujambo? Nimekuandikia mara mbili, kimya. Simu haiingii. Kama wamekufa niambie tu, tutajua la kufanya. Kama ni wewe unaumwa, pia niambie. Jana nimekosea chati ya mtoto mmoja kwa kukuwaza. Niligundua mapema, hakuna kilichoharibika.

Shangazi

Jeddah, 12 Oktoba 2024

Shangazi mpendwa,

Samahani kwa kukutia hofu. Simu niliizima mwenyewe.

Niliwatenganisha. Mkeka nikampa Lozi, kwa kuwa yeye alikuwa anakula, na Tende nilishamhesabu wa kufa. Unajua AC ya nyumba hizi za Aziziya, madam anaiweka nyuzi kumi na nane mchana na usiku. Siku ya pili nikakuta kifuniko cha Tende kimesogea, sanduku tupu. Zaidi ya wiki mbili, Shangazi. Nilitazama chini ya kila kochi, nikakunjua mazulia, sikumwambia mtu. Madam akiuliza, nasema wazima. Emily nilimwambia mama hatakuja Krismasi, ili azoee mapema. Akasema sawa. Hiyo sawa yake ndiyo iliyoniumiza.

Jana mchana niliinua blanketi langu nilifue. Tende amejikunja kitandani mwangu, chini ya mto, anang'aa kama kitu kipya. Ngozi ya zamani iko pembeni. Chumba changu cha kando ya jikoni, AC yake ilikufa mwezi wa saba, nimekuwa nikilalamika joto tangu hapo. Yeye joto hilo ndilo alilofuata.

Lakini pia ni kitandani. Kogo alisema nyoka akipanda kitanda cha mwanamke ametumwa na watu wa ukoo waliotangulia, hafukuzwi, anapewa maziwa aende kwa amani. Sijui niamini lipi. Nilimwaga maziwa kidogo sakafuni, kisha nikampa kipanya. Kipanya alikula.

Shangazi, sijawahi kukuuliza tangu nina miaka minane. Yule mgeni wa Kogo, ulimuua kwa nini?

Mtoto wako,
Priscah

Riyadh, 14 Oktoba 2024

Mwanangu,

Nashukuru u mzima, na Tende pia, nimejikuta nashukuru.

Wahamishie wote wawili chumbani kwako. Mwambie madam kwamba Rayan ataudhika wasiponunuliwa mkeka wa pili, wenye kifaa cha kupunguza joto likizidi. Vifuniko vifungwe kwa klipu.

Swali lako nitalijibu. Nilikuwa nimeokoka mwezi huo. Nilimkuta amejikunja kwenye kitanda cha mama, nikachukua jembe. Niliwaambia watu nimefanya kwa imani. Ukweli niliogopa, imani niliitaja baadaye. Mama hakunikemea. Ila tangu siku hiyo hakupokea chakula mkononi mwangu. Miezi saba, mpaka alipofariki. Nikileta sahani, alikuita wewe uje uipokee ndipo umpe. Ulikuwa mdogo, ulidhani ni mchezo, ulikuwa ukikimbia ukicheka.

Mpaka leo sijui alichokiona yeye pale kitandani. Mimi niliona nyoka.

Shangazi yako,
Celestine

Jeddah, 25 Novemba 2024

Shangazi mpendwa,

Pole na kazi. Mchezo ule wa sahani niliukumbuka vizuri, na nimelia nao. Sikulaumu. Nilitaka tu kujua.

Huku Lozi na Tende wamekua. Kila mmoja ana maranda makavu, pango upande wa joto na pango upande wa baridi, na mkeka wake. Wanakula bila kuruka siku yao ya chakula. Rayan alipiga simu ya video, akafurahi sana, akamwambia mamake hakuna duniani anayeweza kuwatunza kama Priscah.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Madam ameniita. "Ukienda nani atawalisha? Wamekuzoea. Subiri mpaka baada ya Idi." Nikamkumbusha ahadi yake. Akasema ni wazima kwa sababu nipo.

Sasa nieleze wewe uliyesoma. Wangekufa, nisingeenda. Wamepona, siendi. Nilitakiwa kufanya nini?

Mtoto wako,
Priscah

Riyadh, 27 Novemba 2024

Priscah,

Hujambo mwanangu. Kwa hilo lako nimepiga simu.

Nimeongea na madam wako. Miaka ishirini na moja niko huku, najua salamu zao huchukua robo saa, nikazimaliza zote, mpaka afya ya mama mkwe. Kisha nikamwambia mimi ni shangazi yako, muuguzi, ikama yangu, kibali cha kuishi huku, ni ya hospitali, na likizo yangu inaanza tarehe kumi na tano Disemba. Nitakuja kulala chumbani kwako na kuwatunza nyoka mpaka urudi. Akauliza kama naogopa nyoka. Nikasema siogopi. Mungu anisamehe.

Atasaini. Nilimwambia anitumie picha ya karatasi ikishasainiwa.

Likizo hii nilitaka kwenda nyumbani mimi mwenyewe. Usinijibu juu ya hilo. Nenda ukaonwe na mtoto wako.

Shangazi yako,
Celestine

Jeddah, 15 Disemba 2024
(juu ya sanduku la Tende)

Shangazi,

Karibu, na pole na safari. Ndege yangu ni alfajiri, wewe utafika mchana, tunapishana. Shuka ni safi. Siku ya chakula inayofuata ni Ijumaa. Kipanya kishike kwa koleo lile dogo, mletee karibu na mdomo wa pango, utulie. Usimlazimishe. Lozi hamkatai mtu. Tende ni mwoga, huwa hapokei kwa mgeni, akikataa usihuzunike. Funga klipu zote nne.

Sijui nikushukuru vipi, kwa hiyo nimekuachia chapati.

Mtoto wako,
Priscah

Jeddah, 21 Disemba 2024

Priscah mwanangu,

Natumaini mmeamka salama hapo Mosoriot na Emily ameacha kukuonea haya. Mimi ni mzima. Chapati zilikwisha siku ile ile.

Siku ya kwanza nilisimama mlangoni saa nzima. Usiku nililala na viatu. Siku ya tatu maji ya Tende yalipungua, nikafungua klipu moja, nikaifunga, nikaifungua tena. Nilikuwa kama mwanafunzi anayechoma sindano yake ya kwanza.

Jana ilikuwa Ijumaa. Lozi alipokea mara moja, kama ulivyosema. Kwa Tende nilikaa kitako sakafuni na koleo langu, nikijiandaa kukataliwa, maana hilo nimelizoea. Alitoa kichwa pangoni. Akaninusa kwa ulimi, akarudi ndani. Magoti yaliuma, sikusogea. Akatoka tena, taratibu, akapokea.

Priscah, amekula mkononi mwangu. Nilifunga klipu zote nne, nikaketi kitandani mwako nikalia, na sijui nilikuwa nalia kwa ajili ya nani. Nilijisikia nikisema asante mama. Madam alikuwa kwenye korido, akadhani namwita yeye, akajibu.

Msalimie Emily. Ukipita kaburini kwa Kogo, mwambie... sijui umwambie nini. Mwambie amekula.

Shangazi yako,
Celestine