Bledi ya Meno Themanini, na Nani Abaki Mashineni

CHAMA CHA MAFUNDI SEREMALA
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KUMI NA MOJA

Tarehe: Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano.
Mahali: Karakanani, kwenye meza ndefu. Katibu alifagia peke yake, wengine walikuwa wanaitazama takataka.

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti, shemeji yake Katibu.
2. Katibu, mwandishi wa daftari hili, mjane wa fundi aliyeanzisha karakana.
3. Mzee Tupa, mnoaji wa misumeno.
4. Mama Vanishi, mpaka rangi.
5. Kimya, fundi wa msumeno wa meza, mkwe wa Katibu kwa binti yake wa pili.

HAKUHUDHURIA
Fundi Makochi. Alituma ujumbe kwamba jino linamuuma. Katibu alimwona saa sita anatafuna muwa.

KUMB. NA. 1/11: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa nane na dakika ishirini. Kikao kilikuwa cha saa nane. Aliomba watu waseme kwa utaratibu, maana jambo lenyewe linahusu mtu na kazi yake. Mzee Tupa alisema yeye hana ugomvi na mtu. Imeandikwa kama alivyosema.

KUMB. NA. 2/11: YATOKANAYO NA KIKAO CHA KUMI
Katibu alisoma daftari. Kikao cha kumi kilipitisha, kwa hoja ya Katibu, kwamba ni marufuku kuleta beseni la maji karibu na mashine. Hii ni kwa sababu Jumatatu moja kabla ya saa za kazi Katibu alimkuta Kimya ameinamia beseni pale mashineni, akamfokea mbele ya watu kwamba hapa si bafuni, chuma na maji havikai pamoja. Katibu alitoa taarifa kwamba tangu hapo agizo limefuatwa, hakuna hata tone. Wajumbe walipokea taarifa. Kimya alitazama viatu vyake.

KUMB. NA. 3/11: MILANGO YA KABATI ZA MKUNGA
Mwenyekiti alieleza kwamba mkunga ameirudisha milango yote minane. Ngozi ya juu ya plaiwudi imenyofoka kando kando kwa upande wa chini, na mahali pengine ukingo umeungua ukawa mweusi. Maneno ya mkunga yalikuwa haya: "Mlikata kwa msumeno au mlitafuna?" Ametoa wiki mbili.

Mzee Tupa alisema mbovu si bledi ya msumeno, mbovu ni mkono. Kimya anasukuma ubao kama anafukuzwa. Alitoa hoja Kimya aondolewe mashineni, akapige msasa, na mashine apewe mpwa wake Mzee Tupa. Katibu anaandika hapa kwamba huyo mpwa ametajwa katika vikao vinne, kila kikao kwa kazi tofauti.

Katibu alisema mkwe au si mkwe, bledi ya chama imeharibikia mikononi mwake, na yeye anaunga mkono hoja.

Kimya aliulizwa kama ana la kusema. Alisema hana. Mwenyekiti alimwambia, "Mwanangu, unanyang'anywa kazi ya miaka sita, huna hata neno?" Alisema hana.

KUMB. NA. 4/11: BLEDI YENYEWE
Kabla ya kura Mwenyekiti alitaka bledi ziletwe mezani, watu waone kinachohukumiwa. Kimya alichomoa plagi kwanza, ndipo akafungua nati. Alileta zote mbili, na hapo akaongea. Katibu hajamsikia akiongea vile tangu alipokuja kuposa.

Alieleza kwamba ile ya meno ishirini na nne ina meno makubwa na nafasi pana, ni ya kupasua mbao kwa kufuata nyuzi. Ukiitia kwenye plaiwudi inanyofoa, kwa kuwa plaiwudi ni tabaka juu ya tabaka, nyuzi za hili zinakwenda huku na za lile kule. Ya meno themanini kila jino linakula kidogo tu, tena yamenolewa kwa mshazari, moja kulia moja kushoto, yanachanja ngozi kabla ya kuing'oa. Sura nzuri ya ubao ilale juu, sababu jino linaingilia juu na kutokea chini, na panapochanika ni pale linapotokea. Bledi isipandishwe kwa fahari. Meno yachungulie juu ya ubao kiasi cha jino, basi.

Mzee Tupa alisema hayo yote anayajua, ila makali yameisha na yeye atayapiga tupa Jumatatu. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba ncha hizi ni za madini magumu yaliyobandikwa, zinanolewa kwa jiwe la almasi tu, na kwamba alishajaribu mwaka jana: bledi haikupata mkwaruzo, tupa ndiyo iliyotoka na upara. Wajumbe walicheka. Mzee Tupa aliomba kicheko kisiandikwe.

Mama Vanishi aligusa jino moja la ile ya themanini likamchana kidole, akasema makali yapo, asiyeamini aje aguse. Aliigeuza bledi ubavu. Kulikuwa na utando wa kahawia, mgumu kama lami, umejaa kati ya jino na jino. Akaunusa. "Jamani, mbona bledi inanuka kikaango?"

Watu wote walitazama paa.

KUMB. NA. 5/11: MAFUTA
Katibu aliacha kuandika kwa muda. Mwenyekiti alisema, "Shemeji, hapa si lazima uandike." Katibu alijibu kwamba daftari lililoandika muwa wa Fundi Makochi litaandika na hili.

Kwa hiyo iandikwe. Kila Jumamosi jioni, tangu bledi iliponunuliwa miezi tisa iliyopita, Katibu ameipaka mafuta ya kupikia kwa kitambaa ili isishike kutu. Hakutumwa na mtu. Alieleza kwamba marehemu mumewe aliipaka misumeno ya mkono hivyo hivyo maisha yake yote, na ile misumeno iko ukutani mpaka leo, haina doa.

Mwenyekiti alikubali. Akasema lakini msumeno wa mkono hauchemki. Bledi ikizunguka inapata moto, mafuta yanaiva, gundi ya plaiwudi na unga wa mbao vinagandia humo, mwisho jino limevaa koti. Haliwezi kukata, linasugua, ndiyo ule weusi. Katibu aliifikiria sana kauli hiyo, akitafuta pa kuipinga. Hakupaona.

Katibu alimuuliza Kimya lile beseni la Jumatatu lilikuwa la nini. Kimya alijibu lilikuwa la kuosha bledi. Kwa miezi minane, kila Jumatatu asubuhi na mapema, aliosha kilichopakwa Jumamosi. Lilipopigwa marufuku, akaacha. Katibu aliuliza kwa nini hakusema, hata leo kazi inamponyoka.

Kimya alisema, "Mama, ningeanzaje?"



KUMB. NA. 6/11: JARIBIO
Mwenyekiti aliomba agizo la beseni lisimamishwe kwa nusu saa. Katibu alilileta mwenyewe. Bledi ililowekwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga, ikasuguliwa kwa mswaki mkuukuu, jino baada ya jino, ikakaushwa kabisa. Maji yalitoka rangi ya chai. Mzee Tupa alisugua meno arobaini na moja. Alisema alikuwa anapoteza muda tu. Alikuwa anahesabu.

Kimya alikata kipande kwenye mmoja wa milango iliyorudishwa. Mashine haikupiga kelele ya siku zote. Mama Vanishi alipitisha kiganja upande wa chini, hakupata kibanzi. Akampa Mzee Tupa kile kipande. Mzee Tupa alikigeuza mara mbili, akasema mpwa wake hata hivyo ana shughuli nyingi siku hizi.

KUMB. NA. 7/11: MAAMUZI
Katibu aliondoa uungaji mkono wake, hoja ikaanguka. Kimya anabaki mashineni. Milango minane itakatwa upya kwa plaiwudi mpya, na ile ya zamani itatoa droo. Atakayekwenda kumweleza mkunga ni Katibu, na ataeleza sababu yenyewe, si nyingine. Agizo la beseni limefutwa. Bledi ioshwe kila utando unapoanza kuonekana, itundikwe peke yake kwenye msumari, isilazwe juu ya chuma. Ile ya meno ishirini na nne isiguse plaiwudi. Chupa ya mafuta irudi jikoni. Katibu aliichukua.

KUFUNGA
Watu waliinuka saa kumi na robo, wakafagia wote. Kumbukumbu zilisomwa kwa sauti kabla ya saini. Kimya aliomba sahihisho moja: kwenye KUMB. NA. 2/11, palipoandikwa "akamfokea", paandikwe "akamwambia".

Katibu alikataa. Limebaki "akamfokea".

Mwenyekiti: (saini)
Katibu: (saini)