Kranki Ndefu Haitaki Kelele

S.L.P. 61,
Sumbawanga.
11 Desemba 1977

Mpendwa Mjomba Polikarp,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta Kitwe ukiwa na afya, na kifua cha Mama Adela kimepona. Sisi hatujambo. Dada yako, yaani mama yangu, amemaliza kupanda ulezi na anakusalimu sana. Mvua zimeanza vizuri, baridi ndiyo imezidi.

Kranki na pistoni ulizotuma kwa boti zilifika Kasanga salama. Nimezifunga kwenye lori la Mama Mwanamvua, lile la tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini na kuisukumia hewa. Kama ulivyosema, kranki hii inaipeleka pistoni mbali zaidi, milimita kumi na mbili kila inapopanda na kila inaposhuka. Nilisaga kidogo ndani ya bloku ili isiguse, kisha ikazunguka bila shida.

Ila jambo moja sikukutii. Uliandika nisiguse gavana inayoizuia injini isizidi mwendo, iendelee kufika mizunguko 2,600 kwa dakika, eti nguvu iko juu. Mimi nimeishusha hadi 2,350. Kranki ya zamani ya lori hili ilipasuka kwa sababu ya kukanyagiwa resi, na sasa pistoni ina safari ndefu zaidi ya kumaliza kwa muda ule ule. Ingebidi ikimbie mno, na konrodi, vile vyuma vinavyoiunga na kranki, zingevutwa hadi zikatike.

Abdala, dereva na mdogo wake Mama Mwanamvua, alikasirika. Alilijaribu mjini, akashuka akapiga mlango. "Fundi, umelihasi lori la dada yangu!" Mama Mwanamvua akaniambia nipande nalo hadi Kasanga. Mbolea ya kijiji kimoja cha ujamaa huko Mwimbi ilikuwa bandarini na mahindi yalikwisha chipua. Likishindwa na mlima wa kutoka bandarini, alisema, atatafuta fundi mwingine.

Tulipakia magunia mia na arobaini. Kwenye kona kali ya mlima ule, tukiwa namba mbili, Abdala akashika gia kutaka kurudi namba moja kama siku zote.

"Usibadilishe," nikamwambia.

"Litazima!"

"Subiri kidogo, kaka."

Mshale wa mizunguko ulishuka hadi 1,300. Niliogopa, Mjomba, sikufichi. Halafu tabo ikaanza kupiga mluzi, chini kabisa, mahali ambapo zamani ilikuwa bado imelala. Silinda zimeongezeka ujazo, zinavuta hewa nyingi na kutoa moshi mwingi wa kuizungusha hata injini ikienda polepole. Lori likavuta. Tulipanda mlima wote kwa namba mbili hadi juu.

Kwenye tambarare alikanyaga mafuta hadi mwisho, gavana ikamzuia. "Huku linachelewa," akasema. Nikakubali, kweli linachelewa. Mizunguko ikiwa juu, tabo haina hewa ya kuongeza, hivyo nguvu ya mwisho ni karibu ile ile ya zamani. Tulichopata ni mvuto wa mizunguko ya chini, na kwa milima yetu ndio unaotakiwa.

Mbolea ilifika jioni ile. Mama Mwanamvua alipomuuliza mdogo wake kuhusu lori, alijibu, "Mwache Theodory na gavana yake." Juzi, baada ya safari sita, nilifungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nikakagua beringi za kranki. Zote nzima, hazina mkwaruzo.

Sasa nafika kwenye jambo linaloninyima raha. Katika barua yako ulisema nawe umefunga kranki ya namna hii kwenye basi lako, na ukaiacha gavana kwenye 2,600. Basi hilo unaliendesha mwenyewe, na Mama Adela hukaa kiti cha mbele. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika spana, na kwa heshima yote nakuambia umekosea. Tafadhali ishushe kabla ya kuliwasha tena. Ukiona nimekosa adabu, nitakuja huko kuomba radhi kwa magoti, ila nikukute mzima.

Nisalimie Mama Adela, Adela mwenyewe na kaka Modesti. Cornelia mke wangu anawasalimu, na mtoto ameanza kutembea. Mungu awatangulie kila mnapotoka, awarudishe nyumbani.

Mpwa wako akupendaye na asiyekusahau,

Theodory