Yakobo Si wa Serikali, Si wa Kijiji

Jumanne, 2 Machi 1976
Nimepalilia maharage. Mvua bado. Yakobo amekaa kizingitini ameshika kinena, mshipa wa ngiri umeshuka tena. Miaka yote ile alibeba magogo ya serikali msituni, leo hawezi debe la maji. Nimemwambia kesho hospitali. Akanung'unika. Mwanamume akiumwa huko chini anaona heri afe.

Jumatano, 3 Machi
Basi lilijaa kabichi za kwenda Mombo, nimekalia gunia. Alipokuwa mtumishi wa misitu, tulikuwa na mlango wetu hospitalini, mlango wa watumishi. Leo karani kanitazama kama mbuzi aliyeingia kanisani. "Mzee amestaafu, bibi. Siku hizi matibabu ni bure kwa wote. Aanzie zahanati ya kijijini kwake, wakimwandikia ndipo tutampasua."
Bure kwa wote. Isipokuwa Yakobo.

Ijumaa, 5 Machi
Zahanati. Mganga kijana, hata shikamoo hakutoa. Anasema watu wa serikali wana hospitali yao, yeye anatibu wanakijiji. Mwanakijiji ni nani? Aliyeandikishwa. Anaandikishwa nani? Anayelima shamba la kijiji. Sisi tulikaa nyumba za serikali msituni, kijiji kilipoanza hatukuhesabiwa.
Basi Yakobo ashike jembe ili apasuliwe mshipa. Na akishika jembe mshipa unashuka. Hawa nao wamesoma!

Jumatatu, 8 Machi
Nimekwenda kulima mimi badala yake. Mgongo unawaka. Mzee Shabani, jirani yetu, kwenye tuta la pili: "Bibi, umeolewa na shamba sasa?" Nikamwambia afunge mdomo, nzi wataingia.
Jioni mwenyekiti akasema kazi ya leo ni yangu, si ya mume wangu. Nimeandikishwa mimi. Mimi siumwi!
Mwenyekiti mwenyewe ni Elia, mume wa binti yangu Naomi. Ugali wangu ameula sana. Anaogopa kuambiwa anapendelea wakwe. Mwoga.

Jumatano, 10 Machi
Naomi amekuja analia. Anasema asiyeweza kulima husamehewa, akaandikishwa vilevile. Ila lazima halmashauri iuone ugonjwa kwa macho, maana wapo waliojifanya vilema. Na Elia ndiye mwenyekiti, na mtu hatazami uchi wa baba mkwe wake. Kwetu Washambaa hilo ni laana. Basi kila kikao jina la Yakobo wanaliruka.
Nimemwambia afute machozi akapike.
Uvimbe sasa unarudi ndani kwa shida. Baba yangu alikufa hivyo. Naogopa.

Jumamosi, 13 Machi
Kikao cha halmashauri, kwenye darasa la kisomo, pale pale nilipojifunzia kuandika. Nimemleta Yakobo. Nilimdanganya tunakwenda kusalimia.
Elia akaanza, mambo ya mzee tutayaangalia. Nikasimama. Nikasema, mnataka kuangalia? Mtaangalia sasa hivi. Nikashika mkanda wa Yakobo nikaufungua.
Elia akafunika uso kwa kofia, akakimbia, akajigonga mlangoni. Yuko nje anapiga kelele: "Mwandikeni! Mwandikeni!"
Mzee Shabani, mjumbe, alicheka mpaka akakohoa. "Mgosi, mzee mwenzangu, funga suruali, tumeona ya kutosha."
Hawakuona kitu. Wameandika.
Kufunga mkanda kulimshinda Yakobo. Nimemfungia mimi. Sikumtazama usoni.

Alhamisi, 18 Machi
Amepasuliwa. Wodi ya wote, wagonjwa wawili kitanda kimoja, mwenzake anakoroma. Daktari anasema tungekawia kidogo tungezika. Nikamwambia akawaambie hayo waliotuzungusha.
Naomi anasema Elia hapiti tena njia ya mbele ya nyumba yetu. Apite migombani.

Jumapili, 28 Machi
Mvua imeanza. Yakobo ameamka mwenyewe, ametembea mpaka kwenye kahawa na kurudi, wima, hakushika popote.
Hajanisemesha tangu kikao kile. Anasema na kuku. Anasema na mchungaji, na Shabani. Mimi, hapana.
Leo nilimwekea uji. Akaunywa wote, akasukuma bakuli upande wangu. Nikaliosha.