Kabila la Smith

Jumatano, 8 Julai 1998
Soko la wanawake, hapa Ibra. Kofia mbili nilizoshona zimenunuliwa. Jua kali. Bi Thuraya kaja kukaa kwenye mkeka wangu bila ya kualikwa, na nyumbani kwake mikeka imejaa. Anauliza mjukuu wangu anafika lini kutoka Uingereza. Kesho. Nimeshamwambia mara nne. Hamu yake si ya bure. Ana mjukuu wa kiume, Hamed, ana kazi ya ofisini Nizwa na hajaoa.

Nikamkumbusha kabila la baba yake mjukuu wangu, Maryam. Smith, kabila kubwa kuliko yote ya Waingereza. Nililiona kwa macho yangu nilipokwenda kwa mwanangu Salma alipojifungua. Kitabu cha simu, kurasa kwa kurasa, Smith tu. Nikamwuliza Salma, akasema ndio mama, wako wengi. Ukoo mdogo haujazi kitabu.

Ijumaa, 10 Julai
Kafika jana. Mrefu. Mwembamba, hawamlishi. Shikamoo yake nzuri, hapo Salma hakunitia aibu. Lakini anasema "chumba yangu", "kikombe yangu". Nimemsahihisha mara tatu. Ya nne nikanyamaza, nisije nikamfukuza.

Amelala chumba cha marehemu babu yake. Miaka sita kimefungwa. Alfajiri nikasikia mtu anakohoa upande wa pili wa ukuta. Nimefurahi. Simwambii.

Jumatatu, 13 Julai
Kaja na madaftari. Chuo kikuu wamempa kazi ya likizo: jina la ukoo wake limetoka wapi, limekwenda wapi. Leo kanihoji upande wetu. Nikampa. Babu yangu mzaa baba aliondoka hapa Ibra na jina la kabila letu, akavuka nalo bahari mpaka Unguja, akapanda nalo bara mpaka Tabora. Nikazaliwa Tabora, nikaolewa Unguja. Mwaka 1974 nikalirudisha jina lilikotoka, na watu wa hapa wakakicheka Kiarabu changu.

Akaandika yote. Kisha akauliza, na mama yako, bibi? Nikamwambia anywe chai, inapoa.

Alhamisi, 16 Julai
Hamed kaleta tende mbichi za shambani kwao. Sinia moja tu, lakini kakaa barazani saa nzima. Kijana mpole. Macho hayakutulia. Alipoondoka Maryam akaniuliza kutoka Ibra mpaka Nizwa ni mbali? Nikamwambia unakwenda mpaka Bidbid halafu unageuka, ni saa mbili na kitu. Akasema si mbali basi. Msichana haulizi njia bure.

Nimehesabu Ijumaa za mwaka. Akiolewa Nizwa, angekuja kunitazama zote.

Jumapili, 19 Julai
Aibu.

Wanawake wamekuja kunywa kahawa asubuhi, sita. Thuraya akamgeukia Maryam mwenyewe. "Hebu mwanangu, tusimulie hilo kabila la kwenu. Sheikh wao nani?"

Mtoto akacheka. Akaleta daftari. Hawana sheikh, akasema. Si kabila. Smith ni mhunzi. Akatafuta na Kiarabu chake, haddad, wasije wakamkosa. Zamani kila kijiji cha Waingereza kilikuwa na mhunzi wake, watu wakamwita kwa kazi yake, watoto wakalirithi jina hata nyundo ilipoachwa. Ndio maana wako wengi na hawana udugu. Babu wa babu yake alitengeneza viatu vya farasi, kijijini. Mwanawe akahamia mji wa viwanda akafua misumari. Wengine wakapanda meli na jina lao, Amerika, Australia. Anaeleza uso unang'aa, kama anayehesabu masharifu wa ukoo wake.

Hapa mhunzi hatoi mke kwa watu wa kabila wala hapewi. Kila mtu anajua. Mtoto hajui hilo, na mimi niliyejigamba miaka ishirini sikujua maana ya Smith.

Thuraya hunywa vikombe vitatu. Leo kanywa kimoja, akakitikisa, kwamba basi, ametosheka. Wenzake wakatikisa vyao. Kahawa imebaki buli zima.

Jumatano, 22 Julai
Thuraya katandika mkeka wake upande mwengine wa soko. Hakuna aliyekuja kukaa nami. Kofia sikuuza hata moja.

Nikampigia Salma simu, nikamfokea. Akasema, mama, wewe hukuuliza jina maana yake nini, uliuliza kama wako wengi. Kweli. Nikakata simu hata hivyo.

Ijumaa, 24 Julai
Nimemgombeza Maryam. Kwamba mdomo wake hauna mlango. Kwamba si kila kilichoandikwa kinasomewa wageni. Hakulia. Akaniuliza, "Kwani mhunzi kafanya nini, bibi?"

Nikaondoka kwenda kuanua nguo. Zilikuwa bado mbichi.

Jumapili, 26 Julai
Thuraya kaja, peke yake. Hamed amewaambia hataki mwengine. Wanaume wa kwao wamekaa wamepata njia. Siku ya ndoa Maryam asomwe jina kwa kabila letu, kana kwamba ni binti wa mwanangu wa kiume. Jina la Muingereza lisitajwe mbele ya watu. "Nani atauliza?" anasema Thuraya. "Sisi tutanyamaza, wewe unyamaze, Maryam kapata mume, na wewe umepata mtu wa kukufungulia mlango."

Nikaomba siku mbili.

Jumatatu, 27 Julai
Nilitaka. Siandiki uongo humu. Nilitaka tangu jana mpaka adhuhuri ya leo.

Kunyamaza nakujua. Hapa Ibra nimewaambia watu mama yangu alikuwa wa Unguja, mtu wa kabila. Miaka ishirini na nne. Mama yangu Mnyamwezi wa Tabora, na baba yake alifua majembe. Kwao jembe ndilo lililokuwa mahari. Kijana hakuoa mpaka apite kwenye moto wa babu yangu. Watu walimwamkia kwa kupiga magoti. Nami nilivuka bahari nikamwacha huko, nikarudi na babu mmoja tu.

Mhunzi mmoja nimeshamfuta. Wa pili huyu, baba yake Maryam, yu hai, anaswali, na kamlea mtoto huyu. Na mtoto huitwa kwa baba yake, hilo nalijua tangu chuo cha Kurani, nina miaka saba.

Nikamwita Maryam nikamweleza yote, la Thuraya na la majembe. Akauliza, wewe unataka nini, bibi? Nikamwambia nataka ukae. Nikamwambia lakini si hivyo. Akanishika mkono, akafungua daftari, akauliza jina la babu mwenye majembe.

Maganga, nikasema. Sauti ilikuwa ngeni masikioni mwangu.

Jumanne, 28 Julai
Nimemjibu Thuraya mlangoni, sikumkaribisha ndani. Asomwe kwa jina lake au asisomwe. Akasema nitakufa peke yangu ndani ya nyumba hii. Nikamwambia basi utakuja kuniosha wewe, maana hukosi msiba. Akataka kucheka, akajizuia.

Hamed hakuja. Maryam kakaa barazani jana na leo, kitabu mkononi, hageuzi ukurasa.

Jumapili, 9 Agosti
Kaondoka. Nilimwambia avae sweta, akasema bibi, huko sasa ni kiangazi. Nikamwambia avae.

Pale uwanja wa ndege nikamwuliza kichwa cha baba yake kikubwa au kidogo. Akanitazama. Miaka ishirini nashona kofia za watu wa Ibra nzima, mkwe wangu sijamshonea hata moja. Nikamwambia anipimie kwa uzi.

Chumba sikukifunga. Nimesikiliza ukutani. Hakuna kitu.

Jumatano, 2 Septemba
Bahasha imefika. Uzi mwekundu, ncha zimefungwa fundo. Kichwa kikubwa.

Sokoni nilikaa peke yangu, nikaanza kutoboa vitundu vya kofia. Thuraya alipita, akasimama, akauliza hiyo ya nani. Ya mkwe wangu, nikasema. Ya mhunzi. Na mjukuu wa mhunzi ndiye anayeshona.

Hakukaa. Akaenda kwenye mkeka wake.

Nimerudi nyumbani, nimeendelea. Kitundu kimoja, kingine. Mpaka baridi ianze huko itakuwa tayari.