Baba Anasema Hanipati

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na wapwa zangu. Sisi huku tunapumua. Mama goti lake limepata nafuu. Lori nalo linakohoa lakini linafika.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini siku hizi nashinda juu ya paa la lori kama kunguru. Ni ile redio ya upepo, dada, ya kuitana sisi madereva njiani. Unajua Baba tangu astaafu udereva ameweka yake barazani, na kila nikisafiri anakaa nayo aniulizie barabara. Basi akaanza kulalamika kwamba hanipati hewani. Mama akasema nimemkosesha raha mzee wa watu, niende kwa fundi, na mimi nikaona aibu.

Nikalipeleka lori kwa fundi wa redio. Alicheka alipoona antena nimeifunga kwenye bampa, nyuma ya bodi la chuma. Akasema sauti yangu inapiga ukuta kabla haijaondoka. Tukaihamishia katikati ya paa la kichwa cha lori, tukakwangua rangi pale chini ili chuma kigusane na chuma, na waya uliochubuka tukautupa. Kisha akapima kwa mita, akakata ncha ya antena kidogo kidogo mpaka mawimbi yakaacha kurudi ndani. Madereva wenzangu walio ng'ambo ya milima wakanisifu kwamba nasikika kama nimeketi nao.

Nikarudi nyumbani kifua mbele. Baba akaniambia safari nzima hakunipata.

Nikabadilisha hata redio yake ya barazani. Nikaipandisha antena yake juu ya bati. Hakunipata. Fundi akachoka nami, akasema redio zote mbili ni nzima na yeye hana dawa nyingine.

Juzi, nikirudi na mzigo, nilisimama kituo cha mafuta, pale unapoliona bati letu. Nikamwita: Baba, mimi hapa, nimefika. Akajibu papo hapo, sauti safi kabisa:

"Nakupata vizuri, dereva. Nani mwenzangu?"

Nikamwambia ni mimi, mwanao. Akasema kwa upole, kama anavyosema na wageni:

"Hapana, mwanangu sauti yake naijua. Ukikutana naye njiani, mwambie baba yake anamsubiri hewani."

Dada, nilikibonyeza tena kile kipaza sauti. Nikajibu kwamba nitamfikishia.

Nilipoingia uani alinitambua kwa sura, akanipokea begi, akanigombeza kwa kukaa kimya njia nzima. Mama alikuwa mlangoni. Tulitazamana, nikajua naye anajua, na kwamba yale ya kunituma kwa fundi yalikuwa njia yake ya kutolitamka.

Daktari tumemwona. Ametupa vidonge na maneno mazuri, lakini hakuahidi kitu. Sina tena pa kukaza wala pa kukwangua.

Ukipiga simu jitaje kwanza. Akikujibu kama mgeni, usikate. Mwache akueleze hali ya barabara, nawe umuulize tena.

Wabusu wapwa zangu, shemeji mpe mkono wangu. Mama anasema uvae vizuri, kuna baridi.

Mdogo wako,
wa mwisho kuzaliwa