Mwaka wa Galio na Bega la Joackim

Muleba, 28 Novemba 2024

Binti yangu Dativa,

Pokea salamu kutoka huku nyumbani. Mimi mzima, nguvu ninazo za kijana, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi linajiamulia mambo yake. Wewe hapo Kashai hujambo? Kile kikohozi kimekuacha? Na baba yako Joackim huko Kanazi, kahawa yake na presha yake vinaendeleaje? Senene zimeshuka wiki hii. Mimi peke yangu nimejaza madebe matatu kabla ya chai, majirani wakaja kuangalia ninafanyaje.

Unashangaa kuona barua. Simu yangu imemezwa na sangara pale Kemondo nilipoinama kwenye mtumbwi. Waitu, jamani, iliita mara mbili ikiwa tumboni mwake! Basi barua hii anakuletea Hamidi, yule anayeshusha ndizi soko la Bukoba. Nijibu kupitia kwake.

Sasa sikiliza. Mwaka unaisha tangu tumzike baba yetu Mzee Byabato, na ukoo utakaa Jumamosi tarehe 25 Januari kumtaja omusika, mrithi. Wanaume tuko wawili, mimi na baba yako, baba mmoja na mama mbalimbali. Aliye mkubwa atakalia kiti cha Mzee, atashika mkuki wake, na nyumba na kibanja cha migomba chenye makaburi vitakuwa mkononi mwake. Mkubwa ni mimi. Wewe mwenyewe tangu ujue kusema unaniita baba mkubwa. Cheti changu cha ubatizo ni cha mwaka 1973, cha Joackim ni cha 1975. Hata mbuzi anaelewa.

Lakini Karugendo, katekista wetu ambaye pia ni katibu wa ukoo, ameleta ubishi. Anataka cheti kiungwe mkono na ushahidi mwingine. Nikamwambia, mimi naweza kuthibitisha mwaka wowote, hata wa mtume Paulo! Akacheka mpaka miwani ikamdondoka. "Projestus, Matendo ya Mitume yote haina mwaka hata mmoja. Tuambie Paulo alifika Korintho mwaka gani na utuonyeshe umeupataje. Ukiweza, na mwaka wako tutaupokea kwa njia hiyohiyo." Watu thelathini wanasikia. Nikasema, andika! Akaandika kwenye daftari la ukoo.

Wewe unafundisha Maarifa ya Biblia sekondari. Mimi mambo haya nayajua karibu yote, niliwahi kumsahihisha askofu Kilatini chake akanishukuru, ila huo mwaka wenyewe umenitoka kidogo. Nisaidie, mwanangu. Humu ndani ya nyumba yake nimemuuguza Mzee miaka sita. Nikitolewa humu nitaenda wapi?

Ni mimi baba yako mkubwa,
Projestus


Kashai, Bukoba, 5 Desemba 2024

Kwako Baba mkubwa,

Shikamoo. Kikohozi kimeisha, na Baba hajambo, presha imetulia. Msalimie mama mkubwa Verdiana. Pole na simu, na umpe pole yule sangara.

Karugendo amesema kweli kwamba Matendo haina miaka. Lakini ina watu. Fungua sura ya 18. Mstari wa 12 Luka anamtaja Galio, liwali wa Akaya, ambaye Paulo alipelekwa mbele yake pale Korintho. Anamtaja akipita tu. Sasa huko Ugiriki, mahali paitwapo Delfi, waliokota vipande vya jiwe lililochongwa barua ya Kaisari Klaudio, na jina la Galio limo. Wataalamu wakilinganisha na maandishi mengine ya Kaisari huyo, wanaiweka barua kwenye mwaka 52 hivi. Maliwali wa namna yake kwa kawaida walikaa mwaka mmoja wakahamishwa, kama wakuu wa wilaya. Basi Galio alikuwepo mwaka 51 kwenda 52. Mstari wa 11 unasema Paulo alikaa pale mwaka mmoja na miezi sita. Kwa hiyo alifika karibu na mwaka 50. Tafadhali sema "karibu", usiwape tarehe na saa.

Kutoka hapo wengine wanarudi nyuma kwa kutumia Wagalatia, ile miaka mitatu na ile kumi na minne Paulo anayoitaja baada ya kuongoka kwake, watafute mwaka alioongoka. Hapo wanabishana mpaka leo. Hata kuzaliwa kwa Bwana kuna utata: Herode alikuwa hai, na wengi wanaona Herode alikufa mwaka wa nne kabla ya Kristo. Mtawa aliyepanga kalenda yetu alikosea hesabu.

Njia ni hii, Baba mkubwa. Usitazame kile msimulizi anachokipigia kelele. Tazama alichokitaja akipita, halafu utafute jiwe la nje linalokubaliana naye. Kwa mwaka wako tafuta Galio wako: jambo kubwa linalojulikana na kila mtu, ambalo wewe ulikuwepo. Vita vya Amini je? Niandikie unachokumbuka.

Mwanao,
Dativa


Muleba, 12 Desemba 2024

Dativa binti yangu, mwalimu wa walimu,

Hujambo? Sisi wazima, ila kichwa changu hakijatulia tangu barua yako ifike. Nimeisoma mara nne nikiwa nimekaa, na mara ya tano nimesimama.

Galio nimemshika. Galio ni mtu wangu. Lakini ile miaka ya Wagalatia! Je, ile kumi na minne imeimeza ile mitatu ndani yake, au inafuata nyuma? Nilipanga maharage mezani, harage moja mwaka mmoja, nikaenda kuchukua miwani, kurudi nakuta kuku amekula miaka saba ya Paulo. Na hili la Herode ndilo limenimaliza. Yesu alizaliwa Herode akiwa hai, Herode akafa kabla ya Kristo. Basi Yesu alizaliwa kabla ya Kristo? Alijitangulia? Nilimuuliza Verdiana, akanishika paji la uso kupima kama nina homa.

Lakini Galio wangu ninaye! Mwaka 1978, sikiliza vizuri. Nilikuwa na miaka mitano na miezi, sijang'oka jino hata moja. Ndege za Amini zikaja juu ya migomba yetu, kumi na mbili. Moja ikashuka chini mpaka nikaona meno ya rubani, mawili ya dhahabu. Watu wanalia, wanakimbilia bondeni. Mimi nikaokota jiwe nikamrushia, likagonga bawa, ndege ikayumba, wakaondoka upande wa Uganda. Wazee waliokuwepo walishuhudia, bahati mbaya wote wamekufa. Mwiba ulikuwa umeniingia mguuni, basi Joackim akanibeba mgongoni, ndoo ya maji mkononi, na ndege moja iliporudi nikamng'ata bega nisipige kelele, nikang'ata mpaka damu, naye hakunishusha. Bondeni nikawapanga watu wote mistari, wanawake mbele.

Huo ndio ushahidi. Mtu wa 1978 mwenye akili timamu namna hiyo hawezi kuwa mdogo wa mtu. Nipangie vizuri niwasomee.

Baba yako mkubwa kuliko wote,
Projestus


Kanazi, 22 Desemba 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo. Naendelea kukuita hivyo mpaka ukoo useme. Niko Kanazi kwa likizo, tunaanika kahawa. Heri ya Noeli kwenu.

Sijui nianzie wapi. Nimechana barua hii mara mbili.

Barua yako nilimsomea Baba kwenye kivuli cha jiko. Kwenye meno ya dhahabu alicheka akajifuta machozi. Kwenye bega akavua shati. Nyuma ya bega la kushoto, karibu na shingo, kuna alama mbili zilizopinda, ndogo, za mdomo wa mtoto. Nimekaa na Baba miaka yote hii, nilidhani ni jeraha la panga. Nilimuuliza alikuwa na umri gani siku hiyo. Akasema, "Ndoo ilikuwa ya lita kumi, na Projestus alikuwa mzito."

Ndege, rubani, jiwe, hayo uliyapigia kelele. Bega ulilitaja ukipita tu. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1975 angekuwa na miaka mitatu. Angekubebaje?

Nikamuuliza na habari ya cheti. Mama yake huku Kanazi hakuwa na pete ya ndoa, kwa hiyo Baba hakubatizwa akiwa mchanga. Alibatizwa Mzee alipomchukua kuja Muleba kuanza shule. Anasema padre alimuuliza kama anamkataa shetani, naye akajibu mwenyewe kwa sauti mpaka kanisa likacheka. Wewe ulibatizwa una siku kumi. Mapadre wa zamani walimpa mtoto jina la mtakatifu wa siku aliyozaliwa, na Projestus ni wa tarehe 25 Januari, siku ileile ya kuongoka kwa Paulo. Cheti chako kinakaribiana na kuzaliwa kwako, cha Baba kiko mbali. Familia nzima tumehesabu umri kwa siku ya maji ya ubatizo.

Mwaka wa Baba siwezi kukupa. Kinachojulikana ni nani alitangulia.

Baba amenikataza kukuandikia. Anasema, "Mwache, nyumba ni yake, ndiye aliyemgeuza Mzee kitandani." Nakuandikia bila yeye kujua, na sina uhakika kama ninafanya vema au vibaya. Karugendo sitamwambia. Vyeti vyote viwili viko kwenye sanduku la Mzee, kwako, na hadithi ni yako.

Dativa


Kashai, 11 Januari 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo. Shule zinafungua. Sijapata jibu. Hamidi anasema kila akipita anaambiwa umesafiri, tena anaambiwa na wewe mwenyewe. Umekasirika? Tarehe 25 sitaweza kuja, Baba atakuja peke yake. Niandikie hata mstari mmoja.

Dativa


Muleba, 27 Januari 2025

Mwanangu Dativa,

Hujambo, na wanafunzi hawajambo? Huku tu wazima, baba yako amefika salama Kanazi natumaini. Hukupata jibu kwa sababu sikuwa nalo. Wiki nne nilitembea na barua yako mfukoni, nikiitoa najikuta sijui ninamkasirikia nani: wewe, Joackim, au Luka.

Nilikwenda kwenye kikao na mpango wangu. Nitamsema Galio, nitaonyesha vyeti viwili, nitakaa chini. Basi. Bega sitalitaja.

Galio nilimsema, waitu, ungekuwepo! Jiwe la Delfi nililifanya kubwa kama nyumba, nisamehe. Lakini nilisema "karibu na mwaka 50", nilisema karibu. Walipiga makofi, hata Karugendo. Akafungua daftari. "Haya, Projestus. Sasa mwaka wako, kwa njia hiyohiyo."

Nikaingiza mkono mfukoni kutoa vyeti. Ndipo shangazi yetu Theopista, unamjua mdomo wake, akapaza sauti kutoka kwenye mikeka: "Vyeti vya nini! Tupe ile ya ndege!" Na watu wote: ile ya ndege, ile ya ndege! Dativa, nitafanyaje mimi mtu akiniomba ile ya ndege? Nikaitoa. Ndege zilikuwa kumi na tano. Rubani ana meno manne ya dhahabu. Watu wanashika mbavu, pombe ya rubisi inazunguka, nimenoga kabisa, mwiba umeniingia, nimepanda mgongoni kwa Joackim. Nikamwona. Amekaa karibu na mlango, anatazama sakafu, mkono ameuweka begani. Hadithi nikaiacha hapohapo. Verdiana anasema hajawahi kuniona hivyo tangu nimuoe.

Karugendo akauliza polepole, "Yaani huyu wa 1975 alikubeba wewe wa 1973?" Watu wakacheka, walidhani ni moja ya zangu.

Jibu nilikuwa nalo. Ningesema Joackim alikuwa mtoto wa ajabu, alizaliwa na misuli. Nimeshawahi kuwauzia makubwa kuliko hayo, wakanunua. Nikafungua mdomo kusema hilo, nikasikia ninasema, "Kaka, vua shati." Sijawahi kumwita kaka. Hata yeye aligeuka kuangalia nyuma yake.

Akavua. Nikaweka kidole changu kwenye alama. Karugendo akavaa miwani, akainama, akasoma lile bega mstari kwa mstari kama jiwe la Wagiriki. Kisha akaandika, na hakuna aliyecheka.

Wakamkalisha kwenye kiti cha Mzee, wakampa mkuki. Mimi nilikwenda jikoni nikakaa na moshi, nikihesabu vyombo gani ni vyangu. Wakaja kuniita, mrithi ana neno lake la kwanza. Akasema, "Projestus akae humu, atunze makaburi. Mimi kahawa ya Kanazi inanitosha. Nitakuja Pasaka, anichinjie kuku." Nikamwambia ninaye mmoja, kuku msomi, amekula miaka saba ya Paulo. Akacheka mpaka mkuki ukatikisika.

Sasa nimechanganyikiwa, mwanangu. Nyumba niliyoogopa kuipoteza nimelala humo jana. Ukubwa niliokuwa nao miaka hamsini na mbili sinao tena, na asubuhi nilipochota maji niliona ndoo nyepesi, sijui kwa nini. Na lile la Yesu kuzaliwa kabla ya Kristo bado halijaniingia. Ukipata nafasi nieleze polepole, kama unavyoeleza watoto wako wa kidato cha kwanza.

Ni mimi,
baba yako mdogo,
Projestus