Nasike Alisikia Mpaka Ofisini

Baba Dogo, Nairobi
Jumamosi, tarehe 8 Juni

Mpendwa mwanangu Luseno,

Basi mwalimu akatoka darasani na ile maiki bado iko shingoni. Lakini ngoja nikusalimie, Triza jirani ndiye ameshika kalamu na anasema barua haianzi hivyo. Uko mzima huko Doha? Unakula? Mimi mzima, ila goti, na hiyo goti unaijua.

Wewe ulisema mtoto wako Nasike arudishwe nyumbani Bungoma, aende shule ya viziwi, eti hii mashine ya kichwa imetushinda. Sasa sikia.

Ile madaktari walimwekea ndani ya kichwa haina betri. Ile ya nje ndio inajishika juu ya sikio na sumaku, inarushia ya ndani sauti kupitia ngozi, kama redio. Na mwalimu anavaa maiki, ndogo kama kifungo ya koti, Nasike anaibeba shule asubuhi na kurudi nayo jioni. Akiongea, Nasike anamsikia hata akikaa nyuma kabisa. Ni vile tu hajibu, wenzake wanamcheka akitamka.

Jumatano mwalimu aliwapea hesabu, akaingia ofisi ya mwalimu mkuu, Madam Khavere, hapo nyuma ya ukuta wa darasa, akasahau kuzima. Akamwambia Madam huyu mtoto hasikii, anakaa tu, muhula ukiisha atolewe. Nasike kwa dawati anasikia yote. Akakuja nyumbani, hata hakulia. Aliniuliza tu akitolewa atapelekwa wapi.

Alhamisi nikafunga kitambaa ya kanisa, nikaenda naye. Madam akamwita mwalimu, akaanza kunielezea polepole, kama mtu analeta habari ya msiba. Nikamwacha amalize. Halafu nikasema, "Nasike, sema vile mwalimu alisema hapa jana."

Akasema yote, neno kwa neno, mpaka pale mwalimu aliomba chai bila sukari.

Mwalimu akaangalia viatu yake. Madam akasema, "Mama, huyu anabaki."

Kwa hivyo hakuna kurudishwa, na nauli usitume. Dada yako Mourine anakusalimia sana. Nisalimie Musau mnayekaa naye. Mungu akuwekee mkono kwa hiyo kazi, akurudishe—

Huyo ni Nasike, ananiita mimi nyanya yake kutoka chini kwa mfereji: "Kukhu, hujamwambia baba nilikuwa namba tatu kwa hesabu!" Kumbe maiki iko kwa blauzi yangu tangu asubuhi, amesikia barua yote. Mitungi imejaa, wacha niende.

Mimi mama yako, nakupenda tu.